Mfupa Ndio Unaopanga Miezi

Wasikilizaji wangu wa Same mjini, wa Hedaru na Makanya, wa Ndungu na Kihurio, na ninyi wa huko juu Mbaga, Suji na Chome, leo tuzungumzie meno. Kutoboka kwa meno tumekwisha kukuongelea sana katika kipindi hiki, kwa hiyo leo ni zamu ya kuyanyoosha. Swali lenyewe limenifikia kutoka kwa vijana walioanza kazi na kutoka kwa wazazi wenye watoto wa sekondari: zile plastiki angavu za kunyoosha meno, ambazo mtu anavaa na usimtambue mpaka umsogelee, zinachukua muda gani?

Jibu nalitoa mwanzoni kabisa ili asiyeweza kubaki nami aondoke nalo. Kama meno yamepishana kidogo tu, miezi sita hivi inaweza kutosha. Kwa watu wengi kazi inachukua kati ya miezi 12 na 18. Meno yaliyobanana sana, au taya zisizokutana vizuri mtu anapouma, yanaweza kufika miaka miwili na kupita. Baada ya hapo inakuja kazi ya kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka, na hiyo haina tarehe ya kuisha. Akitokea mtu akakuambia kwamba kwake ni wiki sita kwa mdomo wowote ule, usimpe hela yako.

Nasema hivyo kwa sababu muda huu haupangwi na mwenye duka, wala hauongezwi kasi kwa pesa. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa kuna utando mwembamba sana wa nyuzinyuzi, na jino limening'inia humo. Ukilisukuma kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande unaobanwa zinakuja chembehai ambazo kazi yake ni kuumega mfupa, na upande unaoachwa wazi zinakuja nyingine za kujenga mfupa mpya. Jino linahama na tundu lake. Kazi hii ya kubomoa na kujenga ina mwendo wake, na kwa kawaida haizidi milimita moja hivi kwa mwezi. Ukizidisha nguvu ukidhani utawahi, damu inashindwa kupita kwenye ule utando, sehemu iliyobanwa inakufa, na jino linasimama pale pale wiki mbili tatu mpaka mwili uisafishe kwanza. Mbaya zaidi, ncha ya mzizi inaweza kuliwa ikafupika. Kwa hiyo anayesukuma meno haraka haraka anachelewa, tena anaumia.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Madaktari wanaziita alaina. Kampuni ya Align Technology ya Marekani ilianzishwa mwaka 1997 na wanafunzi wawili wa biashara, Zia Chishti na Kelsey Wirth, na ndiyo iliyoleta zile ziitwazo Invisalign. Leo zipo kampuni nyingi, na utaratibu wao unafanana. Daktari anapiga picha za eksirei, anachukua umbo la meno yako kwa skana au kwa ule udongo laini wa kung'ata, kisha kompyuta inaigawa safari ya kila jino katika hatua ndogo ndogo. Kila hatua inatengenezewa kifuniko chake, na kila kifuniko kinalisogeza jino robo milimita hivi, kisha unahamia kinachofuata baada ya wiki moja hadi mbili. Ukishaambiwa idadi ya vifuniko, muda unaweza kuuhesabu mwenyewe. Vifuniko 20 vya wiki moja moja ni siku 140, yaani chini ya miezi mitano. Vifuniko 40 vya wiki mbili mbili ni siku 560, hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Halafu acha nafasi mbele, kwa sababu ni kawaida vifuniko vya awamu ya kwanza vikaisha na kukabaki jino moja au meno mawili yaliyokaidi. Hapo daktari anapima upya na kuagiza vingine vya kumalizia.

Yuko dada mmoja mwalimu hapa Same ambaye alikubali kunionyesha zake. Alinawa mikono kwanza. Akaingiza kucha ya kidole cha shahada upande wa ndani, kwenye magego ya kulia, akakibandua kifuniko kidogo, akahamia kushoto akafanya vile vile, ndipo akakivuta mbele kwa mikono miwili. Hakuanza kuvuta kwenye meno ya mbele. Aliniambia kifuniko chake cha pili kilipasuka hivyo. Kilipotoka kilikuwa chepesi kama hakipo, kina mate, na kina vishimo viwili vitatu vidogo. Nikamuuliza, "Mwalimu, hivi vishimo ni vya nini?" Akanionyesha kwenye chonge zake: vinundu vya rangi ya jino, vidogo kuliko punje ya mtama, vimegandishwa kwa gundi. Kifuniko kinashika hapo ili kiweze kulizungusha jino. Watu hawaambiwi habari ya vinundu hivi, wanashtuka siku ya kwanza wanapovipapasa kwa ulimi na kuviona vinakwaruza mdomo.

Siku mbili tatu za mwanzo za kila kifuniko kipya meno yanauma. Si maumivu ya kukulaza macho kwa watu wengi, ni ule uchungu wa kubanwa, unaousikia zaidi unapouma kitu kigumu. Wiki ya kwanza ulimi unateleza kwenye herufi za "s" na "z", na mwalimu wetu alisema darasa lake lilimcheka siku mbili likazoea. Mate yanaongezeka. Kingo za plastiki zinaweza kukata shavu kwa ndani, na daktari anazisugua zikawa laini.

Hayo yote yanavumilika. Kinachowashinda watu ni saa. Alaina zinataka kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kila siku. Toa 22 kwenye 24, umebakiwa na saa mbili, na ndani ya saa hizo mbili unatakiwa kula mara zote, kunywa chochote kisichokuwa maji, na kupiga mswaki kabla ya kurudisha. Sasa fikiria siku yetu ya kawaida. Asubuhi kuna chai. Saa nne kuna chai nyingine na andazi. Mchana kuna makande, na Mpare gani anayekula makande kwa dakika kumi? Ganda la hindi linajibana pembeni ya kinundu, huwezi kurudisha plastiki juu yake, lazima usimame uende ukasukutue. Jioni ugali. Na katikati ya hayo anapita jirani, unamkaribisha chai ya tangawizi kutoka Mamba Miamba, utamwachaje anywe peke yake?

Chai ile ndiyo nataka niiongelee kidogo. Plastiki hii inapinda kwa joto. Ukinywa chai ya moto nayo iko mdomoni, kifuniko kinaweza kubadilika umbo, na umbo lake ndiyo dawa yenyewe, hakuna kingine ndani yake. Soda nayo ina ubaya wa namna yake: sukari inaingia chini ya kifuniko, mate hayafiki kuiosha, na meno yanakaa ndani ya sukari ile kwa saa kadhaa. Mtu anamaliza kunyoosha meno akiwa na madoa meupe na matundu aliyokuwa hana. Maji matupu ndiyo yanayoruhusiwa.

Siku za shughuli ni kipimo kikali. Msiba wetu huku milimani watu wanakaa, chai inazunguka, chakula kinazunguka, mazungumzo hayakatiki. Mtu anatoa alaina saa sita mchana akaikumbuka saa mbili usiku. Siku moja haiharibu kazi. Siku tatu mfululizo, meno yanaanza kurudi, kifuniko kinachofuata kinagoma kukaa, unakiona kimeacha nafasi kwenye ncha za meno. Hapo inabidi urudi kwenye kile cha nyuma, na miezi inaongezeka. Wanaotafuna mirungi nawaambia waziwazi wasahau habari hii. Mirungi sheria imeikataza, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshafika kuing'oa katika mashamba ya wilaya hii. Lakini hata ukiweka sheria pembeni, mtu anayetafuna nusu siku plastiki yake itashinda mfukoni.

Na mfukoni ndiko zinakopotelea. Watu wanazifunga kwenye karatasi laini mezani hotelini, mhudumu anakuja anafuta meza anatupa. Kiboksi chake kisikuache. Ukikipoteza kifuniko ulichonacho, vaa cha nyuma yake siku hiyo hiyo na umpigie daktari. Ndiyo sababu vya zamani havitupwi haraka.

Sasa niseme juu ya vinywa vyetu wenyewe, maana matangazo tunayoyaona kwenye simu yametengenezwa kwa vinywa vya watu wengine. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa meno, akiwamo Matilda Mtaya wa Muhimbili, uliowapima watoto 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika shule za msingi za Kinondoni na Temeke. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Lakini zaidi ya asilimia 93 magego yao ya juu na chini yalikutana inavyotakiwa. Mimi naisoma hivi: wengi wa watoto wale walikuwa na vitu kama mstari wa katikati uliohama, meno yaliyoachana, au meno ya mbele yasiyogusana, juu ya taya zilizokaa vizuri. Si kila kasoro ni ugonjwa, na si kila mtoto mwenye kasoro anahitaji matibabu.

Mwanya ndio mfano ulio karibu. Bibi zetu walisifiwa kwa mwanya, na wapo wanawake hadi leo wanaoutamani. Sasa binti wa kidato cha nne anaona picha za watu wa mbali, anataka kuuziba. Ni mdomo wake, na akiwa mtu mzima anayejua anachotaka, afanye. Ila mzazi asimburute mtoto kwenda kuziba mwanya ambao mtoto mwenyewe haujamkera. Tena kwa mtoto wa miaka minane au tisa mwanya wa mbele mara nyingi unajifunga wenyewe chonge zinapoota.

Chonge hizo zinanileta kwenye jambo zito zaidi. Tangu miaka ya 1980 imeenea katika nchi yetu imani ya "meno ya plastiki." Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, anachunguliwa ufizi, vinaonekana vivimbe vyeupe pale chonge zitakapoota, na mganga anavikwangua kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Vile si plastiki. Ni vijichipukizi vya chonge za utotoni. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa maambukizi, na waliopona wengi wao waliharibiwa hata chonge za ukubwani zilizokuwa zikijijenga chini yake. Mtu wa miaka 25 anakwenda kunyoosha meno, anapigwa eksirei, chonge moja haipo kabisa, nyingine imeota pembeni ikiwa na umbo la ajabu, na meno jirani yamejisogeza kujaza pengo. Hesabu ya miezi sita inakufa hapo hapo. Muulize mama yako kama uliwahi kufanyiwa jambo hilo, na daktari umwambie.

Milima yetu inaijua hofu ya namna hii. Huko Mbaga wageni wanapelekwa kuliona jiwe la Malameni, na wanasimuliwa kwamba hadi miaka ya 1930 watoto walioaminika kuwa na mkosi walimalizwa pale. Na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, yule aliyeitwa kigego, alihesabiwa kuwa na mkosi. Sipendi tuyataje haya kama vituko vya watalii. Wale walikuwa watoto wa watu. Nami naona mkono ule ule wa hofu katika spoku inayoingizwa kwenye ufizi wa mtoto wa miezi mitano, na huu ni wakati wetu, sisi tunaosikiliza redio.

Lipo pia suala la rangi. Ukanda wetu wa kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, una maji yenye floridi nyingi katika maeneo kadhaa, na watu wanakua na meno ya kahawia. Kunyoosha hakuondoi kahawia. Tena gundi inashika kwa shida kwenye meno yaliyoathirika sana, kwa hiyo vinundu vinaweza kubanduka mara kwa mara na kila kubanduka ni safari. Kama kinachokusumbua ni rangi, anza kwa kuuliza habari ya rangi.

Nimetaja safari. Kutoka Same mjini hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na mtu wa Vunta au wa Chome ana barabara ya mlima kabla hajaiona lami hiyo, ambayo masika inaweza kumgomea. Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na kuna hospitali ya KCMC. Lakini bingwa wa kupanga meno ni mtu adimu katika nchi hii, iliyoanza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979 pale Muhimbili, na sehemu kubwa ya huduma za namna hii iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Wewe anza karibu. Nenda kwa tabibu wa kinywa na meno wa hospitali ya wilaya, matundu yazibwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe. Meno yakisukumwa fizi zikiwa gonjwa, mfupa unaisha na jino linalegea. Kazi hiyo ya awali peke yake inaweza kuchukua mwezi au miwili, na matangazo hayaihesabu.

Kwa upande wa safari alaina zina faida ya kweli. Kwa anayenyoosha kwa waya na vichuma, waya ikikatika au kichuma kikibanduka, inamchoma shavu na hana la kufanya mpaka afike kliniki. Alaina unaweza kupewa kadhaa kwa pamoja ukazibadilisha nyumbani, na daktari akakuona kila baada ya wiki sita hadi nane, au zaidi akikuamini. Kwa mtu mzima wa Gonja mwenye nidhamu, nadhani ndiyo njia inayomfaa. Kwa kijana wa miaka 14 wa shule ya bweni, mimi ningechagua waya. Waya haivuliwi wakati wa chakula, haiibiwi bwenini, na haingoji kijana aikumbuke. Tena waya inayaweza baadhi ya mambo ambayo plastiki inahangaika nayo, kama kulizungusha jino la mviringo lililogeuka sana au kulivuta chini jino lililobaki juu. Na taya ikiwa imekua vibaya yenyewe kwa mtu mzima, vyote viwili peke yake havitoshi, inahitajika upasuaji.

Msiagize vifaa hivi kwa simu kutoka mbali ili mjitibu wenyewe. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo SmileDirectClub, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuwatumia watu vifuniko majumbani mwao bila kukaa kwenye kiti cha daktari kama ilivyozoeleka. Desemba 2023 ilifungwa. Watu walikuwa katikati ya matibabu, meno yamelegezwa, hakuna wa kuwamalizia. Kama hayo yamewakuta wenzetu wenye mabingwa wengi, mtu wa Same atakimbilia wapi? Anayeyasogeza meno yako awe amekuona, amekupiga eksirei, na awe na mlango unaoweza kuubisha.

Nimalizie kwa ile kazi isiyo na tarehe. Siku kifuniko cha mwisho kinapotoka, meno yamenyooka lakini hayajatulia. Mfupa mpya bado laini, na nyuzi za ufizi zilizovutwa zinakaa karibu mwaka mzima kabla hazijazoea mahali papya. Usipolishikilia jino, zinalirudisha. Ndiyo maana unapewa kifaa cha kushikilia: ama plastiki nyingine unayovaa mchana na usiku kwa miezi mitatu hadi sita kisha kila usiku, ama uzi mwembamba wa waya unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele. Kila usiku maana yake ni kila usiku, hata mwaka 2035. Kifaa hicho kinachakaa, kinapasuka, kinatengenezwa kingine, na kila kimoja ni pesa. Wengi wanaojikuta meno yamerudi walivua wakalala, siku ikawa wiki, walipojaribu kukirudisha hakikuingia tena.

Kwa hiyo mzazi, au wewe kijana uliyeanza kujiwekea akiba, ukifika kliniki usiulize bei na miezi tu. Uliza vifuniko ni vingapi, na kila kimoja ni cha siku ngapi. Uliza kama vile vya kumalizia vimo ndani ya bei hiyo. Uliza kifaa cha kushikilia kimo au hakimo, na kikipasuka baada ya miaka mitatu kitatengenezwa wapi, kwa shilingi ngapi. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, urudi nayo nyumbani, uhesabu na nauli.